SAFU YA LUGHA: Maneno Nayo Yana Nasaba



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita mama mmoja katika jamaa zetu hapa Uingereza alinisimamisha mlangoni, watoto wakitoka chuoni, akanieleza jambo lililomkaa moyoni. Mwanawe wa miaka kumi na miwili alirudi kutoka skuli na karatasi iliyochorwa mti mkubwa wa lugha. Matawini mwake mlikuwa na Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kiajemi na Kihindi. Kiswahili hakikuwamo, wala Kiarabu. Mtoto akauliza: "Mama, kwani lugha yetu haina ukoo?" Mama hakuwa na jawabu. Tangu siku hiyo, kila akimsemesha mwanawe kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiingereza.

Swali la mtoto yule ni la haki, nami nimeona safu ya mwezi huu iwe jawabu lake. Na tuanze na mti wenyewe, kwani asiyeujua mti hawezi kusema nani yumo na nani hayumo.

Tarehe 2 Februari 1786, katika mji wa Calcutta, hakimu wa Kiingereza aitwaye Sir William Jones aliwahutubia wanachama wa jumuiya ya wasomi aliyoiasisi huko. Jones alikuwa akijifunza Kisanskriti, lugha kongwe ya vitabu vya Kihindu, naye tangu zamani alikijua Kiajemi, Kilatini na Kigiriki. Alisema kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno hata haiwezekani iwe ni sadfa, na kwamba lugha hizo lazima zimechipuka kutoka asili moja ambayo huenda haipo tena. Wengine walikwisha kuuona mfanano huo kabla yake, lakini hotuba yake ndiyo iliyowaamsha wataalamu.

Tazama mwenyewe. Baba kwa Kisanskriti ni *pitar*, kwa Kilatini *pater*, kwa Kiajemi *pedar*, kwa Kiingereza *father*. Ndugu ni *bhratar*, *frater*, *baradar*, *brother*. Wenye majirani Waajemi au Wahindi wameyasikia haya kwa masikio yao.

Hata hivyo, kufanana hakutoshi kuwa ushahidi. Kiajemi kina neno *bad*, maana yake "baya", na Kiingereza kina *bad* hilo hilo kwa maana hiyo hiyo. Anayesikia haraka ataapa kuwa ni ndugu, na wala si ndugu. Yamekutana tu kama wasafiri wawili waliovaa kanzu za rangi moja. Ushahidi wa kweli ni kanuni. Mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm alionyesha kwamba sauti hubadilika kwa utaratibu. Penye *p* ya Kilatini, Kiingereza huwa na *f*: *piscis* na *fish*, yaani samaki. Penye *t* huwa na *th*: *tres* na *three*, yaani tatu. Penye *k*, ambayo Warumi waliiandika kwa herufi *c*, huwa na *h*: *cornu* na *horn*, yaani pembe. Kanuni hiyo ikirudi katika neno baada ya neno, hapo ndipo panaposemwa kuwa pana udugu.

Kwa njia hiyo wataalamu waliweza kurudi nyuma na kuijenga upya lugha mama, ambayo haikuandikwa hata mstari mmoja. Mizizi yake huandikwa ikiwa na alama ya nyota mbele, kuonya kwamba neno hilo halikupatikana katika maandishi bali limekisiwa kwa hesabu. Wengi wao wanaona kwamba wasemaji wake waliishi katika nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, kiasi cha miaka 5,000 hadi 6,000 iliyopita, na uchunguzi wa mifupa ya kale uliotangazwa mwaka 2015 umelitia nguvu wazo hilo.

Je, hesabu hiyo ni ya kuaminika? Kisa kimoja kitatosha. Mwishoni mwa mwaka 1878 kijana wa Uswisi wa miaka 21, Ferdinand de Saussure, alichapisha kitabu akidai kwamba lugha mama ilikuwa na sauti fulani zilizokwisha kupotea katika mabinti wote waliojulikana. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný akatangaza kwamba amezisoma bamba za udongo zilizofukuliwa Uturuki, za lugha ya Kihiti, na kwamba lugha hiyo imo katika ukoo huu. Mwaka 1927 Mpolandi Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kuwa ndani ya Kihiti mna sauti iliyokaa pale pale alipokuwa amesema Saussure. Kijana alikwisha kufariki mwaka 1913, lakini neno lake lilisimama.

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili hakimo katika mti ule, lakini maneno ya mti ule yamo ndani ya Kiswahili, yakiwa wageni waliokuwa wenyeji. *Dirisha* latokana na Kiajemi *dariche*, yaani mlango mdogo. *Dar* ni mlango, na ni ndugu wa Kiingereza *door*. *Serikali* ni *sarkar* ya Waajemi: *sar* ni kichwa, ndugu wa *horn* tuliyoitaja juu, na *kar* ni kazi, ndugu wa *karma* ya Wahindi. Na wale waliozoea kubishana kati ya *skuli* ya Unguja na *shule* ya Bara, nawapatanisha leo. *Skuli* tuliipokea kwa Waingereza na *shule* kwa Wajerumani, na zote mbili ni watoto wa neno moja la Kigiriki, *skhole*, ambalo maana yake ya kwanza ilikuwa wasaa wa mtu asiye na kazi. Watoto wetu hawataamini hilo wakati wa mitihani.

Lipo jambo jingine ambalo vijana wetu wakubwa wamekwisha kuniuliza kwa wasiwasi. Wamesoma katika vyuo kwamba *Firdausi*, neno lililomo katika Surat al-Kahf na Surat al-Mu'minun, lina asili ya Kiirani: *pairi*, yaani pembezoni pande zote, na *daeza*, yaani ukuta; basi ni bustani iliyozungushiwa ukuta. Mzizi wa *daeza* ni kufinyanga na kukanda udongo, na kutoka mzizi huo huo Waingereza wamepata *dough*, unga uliokandwa, na hata *lady*, ambaye katika Kiingereza cha kale alikuwa mwenye kukanda mkate. Wamesoma pia kwamba *sirata*, tunayoitaja katika Suratul Fatiha si chini ya mara kumi na saba kila siku, ni Kilatini *strata*, njia iliyotandazwa mawe, neno lililopita kwa Wagiriki na Waaramu kabla ya kufika kwa Waarabu, na ni ndugu wa *street*. Huuliza: hayo hayapingani na Qur'ani kuteremshwa kwa Kiarabu?

Vijana, maulamaa wetu walilijadili hilo karne nyingi kabla ya Sir William Jones kuzaliwa. Imam Shafi'i alishikilia kwamba hakuna katika Qur'ani ila Kiarabu. Wengine walisema yamo maneno yenye asili ya Kiajemi, Kirumi na Kihabeshi. Abu Ubayd al-Qasim ibn Sallam akazipatanisha kauli mbili: asili ya maneno hayo ni ya kigeni kama walivyosema hawa, lakini Waarabu waliyapokea na kuyafanya yao, na Qur'ani ikateremka yakiwa yamekwisha kuwa Kiarabu, basi wote wamesema kweli. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliyakusanya maneno hayo katika kitabu chake al-Itqan, na humo amenakili kauli kwamba *sirata* ni njia kwa lugha ya Kirumi. Hawakuona haya kuuliza, nanyi msione haya.

Onyo moja. Udugu wa lugha si udugu wa damu. Katika karne ya 19 na ya 20 walitokea watu walioligeuza jina la Waarya, lililokuwa la lugha na watu wa Iran na India, wakalifanya jina la damu bora, na Wajerumani wa Hitler wakaua mamilioni kwa uongo huo. Sisi tunaosema Kiswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika, maana barazani kwetu hukaa weusi na weupe wa kila asili, na lugha ni moja.

Sasa jawabu la mtoto. Mwanangu, lugha yako haimo katika mti ule kwa sababu ina mti wake. Kiarabu kimo katika ukoo wa Kisemiti, pamoja na Kiebrania na Kiamhara. Kiswahili kimo katika ukoo wa Kibantu, wenye lugha mia kadhaa, ambao chimbuko lake wataalamu wanaliweka karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni, miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Mjerumani Carl Meinhof aliuchambua kwa kanuni zile zile za sauti mwaka 1899. Sisi husema *mtu*, Wazulu na Wanyarwanda *umuntu*, Waganda *omuntu*, wasemao Kilingala *moto*. Mzizi wake ni *-ntu*, nao huandikwa kwa nyota ile ile anayopewa *father* wa Waingereza. Sisi tumeidondosha *n* iliyokuwa mbele ya *t*, na Walingala wameigeuza *u* kuwa *o*. Ni kanuni tupu, kama ya Grimm.

Nampa mama yule kazi ndogo, na kila mzazi aifanye. Chukueni karatasi, mchore mti wa pili, mtoto aandike *mtu* na *tatu* kwa kila lugha ya Kibantu atakayoipata kwa majirani, Mkongo, Mrundi, Mganda au Mzimbabwe, kisha atafute mwenyewe sauti iliyobadilika. Kisha aupeleke skuli, auweke kando ya ule wa kwanza. Na akimjibu mamake kwa Kiingereza siku hiyo, si neno. Mama aendelee kumsemesha kwa Kiswahili. Lugha ya Saussure ilikuwa na sauti zilizopotea, na hakupatikana wa kuzitamka tena. Zetu bado tunazo vinywani.

Wabillahi tawfiq. Tukijaaliwa, tutaonana mwezi ujao.