Usiniulize Maoni Mambo Yashaamuliwa

Vijana wenzangu, siku hizi kila mtu anasema "leteni maoni". Kaunti inasema, mbunge anasema, hata sisi kwenye vikundi vyetu. Kuitisha maoni ni rahisi. Kazi iko kwenye kuyapokea.

Angalieni Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050, ulipata leseni ya NEMA mwaka 2016. Na mikutano ilifanywa, si kwamba haikufanywa. Lakini tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likaifuta leseni ile, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Ile mikutano ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla utafiti wa athari kwa mazingira kufanywa. Sasa mvuvi atoe maoni gani juu ya ripoti ambayo haijaandikwa? Watu waonyeshwe kitu kwanza, kwa lugha wanayoielewa, wapewe muda, ndio waulizwe. Tena waulizwe wakati bado kinaweza kubadilishwa.

Haya, tuje kwetu. Kikundi kinapanga semina ya vitambulisho. Mabango yashachapishwa, ukumbi ushalipiwa, ndio mnauliza "mnaonaje?" Dada mmoja anasema saa kumi na moja jioni mwezi wa Ramadhani wao wako jikoni wanaandaa futari. Anajibiwa, "Wewe kila siku ni kupinga tu." Mwingine akiuliza hesabu anaitwa msaliti, kesho admin ashamtoa kwenye grupu. Halafu twashangaa mbona kina dada hawaji! Kuna wanaopigania kusikizwa na serikali lakini hawamsikizi mtu wa mtaani kwao.

Si kila maoni ni ya kufuatwa, tusidanganyane. Kuna fitina pia. Mimi hutazama hivi: fitina humzungumzia mtu, maoni huzungumzia jambo ambalo waweza kwenda kulihakikisha. Ila kuna mtu mdomo wake mchungu na hesabu zake ni sawa, kwa hivyo kahakikishe kwanza, adabu yake mtaizungumza baadaye.

Mtu akiongea, asijibiwe papo hapo. Mmoja aandike, kisha amsomee: "Tumekuelewa hivi, ni sawa?" Hapo tu hasira nyingi hushuka, manake wengi hukasirika kwa sababu wamejibiwa neno ambalo hawakulisema. Mkikataa wazo lake, mwambieni mmelikataa na kwa nini. Anaweza kuvumilia "hapana" yenye sababu. Kimya ndicho kinachomfanya asirudi tena.

Kikao kijacho, kabla ya ajenda mpya, someni yale ya mara iliyopita: haya tumeyafanya, haya hatukuyafanya kwa sababu hii. Na kabla hamjachapisha bango jingine, muulizeni yule dada wa futari ni saa ngapi itamfaa.