Pango la Chumvi Halijilindi

Msomaji, yuko mtu atakayekuambia kuwa mwamba wa chumvi ni imara tangu dahari, na kwa hiyo pango lililochimbwa ndani yake halihitaji mlinzi. Usilikubali neno hilo kabla ya kulipima.

Chumvi isemwayo hapa si ile ikaushwayo juani kule Gongoni. Ni mwamba uliozikwa chini sana ya ardhi. Watu hutoboa kisima na kupeleka maji. Chumvi huyeyuka, maji yake yakavutwa juu, likabaki pango. Huko Huntorf, Ujerumani, mapango mawili ya namna hiyo yalianza kutiwa hewa mwaka 1978. Umeme unapozidi haja, mashine huishindilia hewa humo; unapopungua, hewa hufunguliwa ili isaidie kuzungusha mitambo. Ni kazi njema, wala siipingi. Nchi itegemeayo upepo na jua haina budi kuwa na ghala.

Ninalolipinga ni lile neno "imara". Chumvi ina tabia ya nta: ikikandamizwa hujongea polepole. Tabia hiyo ina heri, kwa maana hufumba nyufa. Ina shari pia. Mapango ya Huntorf yamo kati ya mita 650 na 800 chini. Mzigo wa mawe kwa kina hicho hukaribia mara 150 ya mkazo wa hewa tuivutayo, hali hewa iliyomo pangoni hutunzwa baina ya mara 43 na 70 tu. Basi kuta husukumwa ndani usiku na mchana. Hewa ikipunguzwa mno, pango hunywea. Ikizidishwa mno, kuta hupasuka. Huko Eminence, Mississippi, ambako gesi ilianza kuwekwa mwaka 1970 katika kina kikubwa zaidi, pango lilipoteza sehemu kubwa ya nafasi yake kwa muda mfupi.

"Hayo ni ya zamani," watajibu. Haya, na tutazame Bayou Corne, Louisiana, mwaka 2012. Pango la huko lilikuwa la kutolea maji ya chumvi, si la gesi. Lakini ubavu ni ubavu. Lilichimbwa karibu mno na ukingo wa mwamba, nalo lilikuwa limekwisha kuzibwa. Ubavu ukabomoka, ardhi ikadidimia, miti ikazama, wenyeji wakaamriwa kuhama. Na huko Hutchinson, Kansas, mwaka 2001, chumvi haikuwa na dosari. Bomba la kisima ndilo lililotoboka. Gesi ilisafiri chini kwa chini kiasi cha kilomita 11, ikalipuka mjini, watu wawili wakafa.

Kwa hiyo mwenye pango akikuletea hesabu yake, itafute ndani yake gharama ya kulipima pango mara kwa mara, na gharama ya kulichunguza bomba. Kisha mwulize ni nani atakayelipa miaka 30 baada ya kisima kuzibwa.