Vipuri vya pikipiki Kilombero: Tuuze kwa kipimo, tusiuze kwa jina

Soko la vipuri vya pikipiki mjini Ifakara lina wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye bodaboda ya Boxer au TVS. Huyu hana shida kubwa: ringi, cheni, kebo na taa zake zimejaa madukani, na wauzaji wanashindana kwa bei. Wa pili ni mwenye pikipiki ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi huiita tustroki: Yamaha DT 125, DT 175 au AG 100, iliyonunuliwa zamani na misheni, mradi au idara ya kilimo, kisha ikauzwa ikiwa imechoka na kuangukia mikononi mwa mkulima au mnunuzi wa mpunga. Huyu wa pili akiulizia kipuri, kwa kawaida hupewa jibu moja kati ya mawili: "Agiza Dar es Salaam," au "Chukua hiki cha ile nyingine, kitaingia tu."

Maoni yetu wiki hii yanahusu jibu la pili, na kipuri kimoja ambacho jibu hilo limekiharibia sifa: vali ya ridi.

Kwa wasioifahamu, vali hii hukaa kati ya kabureta na injini. Ni kiboksi kidogo chenye umbo la paa la nyumba, kina madirisha pande mbili, na kila dirisha limefunikwa na kilimi chembamba cha chuma au cha faiba. Pistoni inapopanda huvuta hewa, kilimi kinafunguka na mchanganyiko wa petroli na hewa unaingia. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko husukumwa, nacho kilimi hujifunga ili usirudi kwenye kabureta. Kazi hiyo hufanyika mara elfu kadhaa kwa dakika moja. Kilimi kikipinda, kikipasuka pembeni au kikishikwa na punje ya mchanga, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka, inatema petroli kwenye mdomo wa kabureta na inakosa nguvu katika mwendo mdogo. Katika tope la masika kati ya Mngeta na Mlimba, mwendo mdogo ndio mwendo wenyewe.

Kipuri hiki hakipatikani kirahisi, na sababu yake inaeleweka. Sheria za moshi katika Japan, Ulaya na Marekani ziliwafanya watengenezaji wengi waache injini za mipigo miwili katika pikipiki za barabarani. Bodaboda zilizojaa mitaani leo ni za mipigo minne, hazina vilimi hivi kwenye njia ya petroli, kwa hiyo mwenye duka hana sababu ya kujaza rafu na mali ya wateja wachache. Linalobaki ni kuvua kipuri kwenye pikipiki iliyokufa na kukivisha iliyo hai.

Wapo wanaodai kuwa biashara hiyo ni ya kubabaisha na haifai kabisa. Hatukubaliani nao. Mwenye AG 100 anayesubiri mzigo kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 400, analipa mara tatu: bei ya kipuri, gharama ya usafirishaji, na siku ambazo pikipiki imelala wakati mpunga unanunuliwa na wengine. Iwapo katika gereji ya jirani kuna vali nzima iliyo sawa na yake, ni upotevu wa mali kuiacha ioze. Watengenezaji wenyewe hutumia kipuri kimoja katika modeli zaidi ya moja pale inapowezekana. Kubadilishana si kosa. Kosa ni kubadilishana kwa jina na kwa macho.

Tuanze na jina. DT 125 na DT 175 za kupozwa kwa hewa ni ndugu. Safari ya pistoni ni milimita 50 katika zote mbili. Tofauti iko kwenye upana wa silinda, milimita 56 kwa ya kwanza na 66 kwa ya pili. Kwa udugu huo muuzaji humwambia mteja kuwa kila kitu kinaingiliana. Lakini urefu wa safari ya pistoni hausemi lolote kuhusu upana wa dirisha la vali, wala nafasi ya skrubu zake, wala mwaka injini ilipofanyiwa mabadiliko. Aidha, si kila tustroki ina vali hii. Yamaha ilianza kuitumia kwa wingi katika pikipiki zake mwaka 1972. DT-1 ya mwaka 1968 ilitegemea pistoni yenyewe kufungua na kufunga njia. Kawasaki KE 100 nayo hutumia sahani inayozunguka. Anayetafuta vilimi katika injini hizo anatafuta kisichokuwepo.

Pili ni namba. Wapo wauzaji wanaojua kuwa vipuri vya Yamaha vina namba, lakini wanaisoma nusu. Namba hiyo ina mafungu matatu. Fungu la kwanza, la herufi na tarakimu tatu, huonyesha modeli ambayo kipuri kilibuniwa kwa ajili yake. Fungu la kati, la tarakimu tano, husema ni kipuri gani: 13610 ni vali ya ridi nzima, 13613 ni kilimi, 13621 ni gasketi. Fungu la mwisho huonyesha marekebisho. Kwa hiyo, kama vitabu vya vipuri vya pikipiki mbili vina namba ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna ubishi: ni kitu kimoja, na mteja anunue kwa amani. Lakini kama kinachofanana ni 13610 peke yake, maana yake ni kwamba vyote viwili ni vali za ridi, basi. Ni sawa na kusema kuwa viatu viwili vinafanana kwa sababu vyote ni viatu.

Pale ambapo namba imefutika au kitabu hakipo, na hali hiyo ndiyo ya kawaida gerejini, kinachobaki ni kipimo. Vipimo vyenyewe ni vichache na venia moja inatosha. Umbali kati ya matundu ya boliti. Upana na kimo cha kiboksi kinachozama ndani ya silinda. Kina chake, kwa sababu kiboksi kirefu kupita kiasi kinaweza kugusa sketi ya pistoni. Kisha vilimi vyenyewe: viwe vimefunika kingo zote za dirisha, matundu ya skrubu yalingane bila kulazimishwa, na unene uwe uleule. Hatimaye kile kibati kilichopinda kinachozuia kilimi kisifunguke kupita kiasi. Kibati hicho wengi hukidharau, lakini ndicho kinacholinda uhai wa kilimi. Kikiwa kimeinuka zaidi ya inavyotakiwa, kilimi kitavunjika kabla ya wakati. Kikiwa chini mno, injini itakosa pumzi.

Unene unastahili neno la ziada, kwa kuwa ndipo mteja anapouziwa maneno. Kilimi kigumu hufaa injini inayozunguka kwa kasi kubwa, kama za mashindano. Kilimi laini hufunguka mapema na kutoa nguvu katika mzunguko mdogo. Mtu anayepanda kutoka Lupiro kwenda Mahenge akiwa na gunia nyuma yake anahitaji nguvu ya chini, wala hahitaji kasi ya juu. Akiuziwa vilimi vigumu kwa madai kuwa ni "vya reisi", amelipa zaidi ili apate pungufu.

Uchaguzi kati ya chuma na faiba nao una hesabu yake. Kilimi cha chuma hudumu, lakini kikichoka kinavunjika, na kipande chake kinaingia moja kwa moja ndani ya injini. Hapo mteja aliyetafuta nafuu ya kilimi anajikuta analipia kuchonga silinda, pistoni ya oversaizi, ringi, na pengine beringi za krenki. Cha faiba huanza kwa kumeguka na kuota nyuzi pembeni, na kipande chake hakina ukali wa chuma. Kwa kipuri kilichokwisha tumika kwenye pikipiki nyingine, ambacho hakuna ajuaye kimefanya kazi miaka mingapi, maoni yetu ni kuwa kiboksi kinafaa kuuzwa kuukuu, lakini vilimi vya chuma vilivyokwisha tumika visiuzwe kama vipya. Vivyo hivyo kwa vilimi vinavyokatwa kwa mkasi gerejini kutoka kwenye bati jembamba. Ukingo wake ukibaki na meno, ufa utaanzia hapo.

Hasara ya pili ni ya kimyakimya zaidi. Kiboksi kisicho sawa kikikazwa kwa nguvu juu ya gasketi kuukuu, huacha upenyo, na hewa huingia bila kupitia kabureta. Petroli inakuwa haba na injini inapata joto. Kwa pikipiki inayochanganyiwa oili kwenye tangi, petroli ikipungua na oili imepungua, na pistoni hushika. Mwenye pikipiki atalaumu oili, atalaumu petroli ya chupa ya kando ya barabara, kumbe tatizo ni gasketi.

Hoja ya upande wa pili tunaifahamu. Fundi atasema amefanya kazi hii miaka mingi kwa macho na mikono yake, na pikipiki zimetembea. Ni kweli zimetembea, lakini gerejini hurudi zile zilizofika. Iliyokufa njiani ikaachwa chini ya mti huko Malinyi haileti malalamiko. Wengine watasema kuwa mwenye tustroki aiuze chakavu anunue Boxer. Kwa mwenye injini iliyokwisha, huo ni ushauri mzuri na asipoteze fedha. Lakini kwa mwenye silinda nzima na krenki nzima, kutupa pikipiki kwa sababu ya kilimi ni kama kubomoa nyumba kwa sababu ya bawaba ya mlango.

Ifakara ina nafasi nzuri ya kurekebisha jambo hili. Tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018, mteja wa Ulanga na Malinyi hangoji tena kivuko ili afike mjini. Soko la bonde zima linaangalia hapa. Duka litakalokuwa na sanduku moja la vali zilizopimwa na kuandikwa litawavuta wateja ambao leo hawana pa kwenda.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue mfano wa muuzaji mwenye vali kuukuu tano alizozinunua kwa jumla kama chuma chakavu. Leo anaziuza nzima nzima, kwa bei moja, na mteja anabahatisha. Akizifungua, akazisafisha, akaziinua kwenye mwanga na kutazama kama vilimi vimelala sawasawa, atajua ipi ni nzima, ipi inahitaji vilimi tu, na ipi imebaki kiboksi. Atauza vitu vitatu kwa bei tatu badala ya kitu kimoja kwa bei ya kubishana. Mteja wa kilimi hatalazimika kununua kiboksi, na mteja wa kiboksi hatauziwa kilimi kilichochoka. Muuzaji anapata zaidi kwa mali ileile, na mteja analipia alichokihitaji.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Muuzaji aandike kwenye kila vali aliyovua: imetoka pikipiki gani, namba yake kama inasomeka, na kama vilimi ni vipya au la. Fundi asipokee kazi ya kubadilisha vali bila gasketi mpya na bila kupima. Na anapofunga, aangalie kile kipembe kilichokatwa kwenye kilimi kilingane na cha kibati, atie gundi kwenye vile viskrubu vidogo, kwa kuwa kimoja kikilegea kitaangukia ndani ya injini. Baada ya safari fupi atoe plagi aitazame: kahawia ni salama, nyeupe ni hatari. Naye mnunuzi aende dukani na kipuri chake cha zamani mkononi, wala asikubali kununua kwa kutaja jina la pikipiki peke yake.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Walikuwa sahihi kwa nguo isiyopimwa. Bonde la Kilombero halina sababu ya kutupa chuma kizuri, wala halina fedha ya kuua injini kwa kubahatisha. Venia haina bei ya kutisha, na muuzaji atakayekuwa wa kwanza kuiweka mezani pake ndiye atakayepata wateja.