Kuogelea Kuanzie Shuleni

Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Sarah Sjöström wa Sweden alishinda mbio za wanawake za kuogelea mita 50 kwa mtindo huru, kwa muda wa sekunde 23.71. Tanzania iliwakilishwa na Sophia Latiff, kama ilivyowakilishwa na Magdalena Moshi mjini London mwaka 2012. Wote wawili waliishia katika mchujo wa awali.

Mwenye kubeza na aulize kwanza bingwa hutoka wapi. Nchini Sweden, mtaala humtaka kila mtoto amalizapo darasa la sita awe anaweza kuogelea mita 200. Hapa nchini mabwawa mengi yamo hotelini na katika shule za kulipia. Binti wa mkulima wa Soga atajifunzia wapi?

Wala suala hili si la medali peke yake. Kila masika mito hufurika, na mtoto asiyejua kuogelea huwa hatarini.

Mwaka 1963 nchi za Nordic, Sweden ikiwamo, zilisaidia kuanzisha kituo cha elimu Kibaha, jirani na Soga. Msaada ule ulilenga elimu. Na kuogelea nako ni elimu, si anasa. Walimu na maofisa wa wilaya hawana budi kupanga hata bwawa moja la umma, litumiwe kwa zamu na shule zote, wasichana wakiwa na zamu yao.

Taifa limekwisha kupeleka mabinti zake Olimpiki. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.