Naruto na Shippuden: Vile Stori ya Hustler Iligeuka Kuwa ya Mtoto wa Mdosi

Uliza mbogi yoyote ya anime ni gani kali kati ya Naruto ya kwanza na Shippuden, na utakuwa umeanzisha vita. Wengi watakuambia Shippuden, na wako na sababu. Pain anafuta Konoha kwa pigo moja. Madara anaangushia jeshi mawe kutoka angani. Itachi na Sasuke wanamalizana. Nani atakataa?

Mimi nakataa. Sawa, nakataa nusu. Na huu ni wakati poa wa kubonga hii maneno, juu Lionsgate wanatengeneza filamu ya Naruto na waigizaji wa ukweli. Tangu Februari 2024 inajulikana dairekta ni Destin Daniel Cretton, yule msee wa Shang-Chi. Sasa filamu moja haiwezi beba kila kitu. Huyo jamaa atalazimika kuchagua ni Naruto gani anatuletea, na ukiangalia vizuri, ziko mbili.

Hesabu kwanza. Naruto ya kwanza ilianza Oktoba 2002 ikaisha Februari 2007, vipindi 220. Wiki iliyofuata Shippuden ikachukua usukani hadi Machi 2017, vipindi 500. Studio ni ile ile, Pierrot, na zote zimetoka kwa manga ya Masashi Kishimoto. Ndani ya stori yenyewe, kati ya moja na nyingine imepita miaka miwili na nusu tu. Lakini manze, dunia ilibadilika.

Kupigana kwa akili

Kumbuka Zabuza. Amemfungia Kakashi ndani ya mpira wa maji, na wamebaki watoto watatu mbele ya muuaji. Wakimvamia hivi hivi, wamekwisha. So Naruto anajigeuza kuwa shuriken kubwa. Sasuke anarusha mbili. Zabuza anadaka ya kwanza, anaruka ya pili, akidhani amemaliza mchezo. Kumbe hiyo ya pili ni Naruto. Anatokea nyuma yake na kisu, Zabuza analazimika kuachilia ule mpira wa maji, Kakashi yuko huru.

Hakuna mlima ulianguka hapo. Ni mtoto mmoja mwenye hana nguvu aliyefikiria haraka.

Ama Shikamaru na Temari kwa mtihani wa Chunin. Anahesabu jua, anahesabu kivuli, anamnasa dem wa watu kabisa, halafu anainua mkono na kusema amejitoa. Chakra imeisha. Wewe ulikuwa umesimama kwa kiti ukishangilia, na jamaa anaenda nyumbani. Hiyo ndiyo Naruto ya kwanza: nguvu iko na mwisho, na ukiitumia vibaya inakulipisha.

Shippuden ilianza bado na hiyo roho. Sakura na nyanya Chiyo wakimkabili Sasori, hiyo ni pigano ya akili. Shikamaru akimzika Hidan kwa shimo msituni ili amlipie Asuma, hiyo iko juu kabisa. Lakini kadiri vita vinakua, swali linabadilika. Hatuulizi tena huyu atatokaje hapa. Tunaulizana nani ako na macho gani. Ikifika Vita Kuu ya Nne, wafu wanafufuliwa kwa mafungu, na mwisho anatokea Kaguya, ambaye hata hatukuwa tumeishi naye ndio tumwogope vile tulimwogopa Zabuza.

Rock Lee, msee wetu

Sasa hapa ndio inaniuma.

Rock Lee hawezi ninjutsu. Hawezi genjutsu. Kwa shule ya maninja, hiyo ni kama kuingia mtihani bila kalamu. Ana mikono, miguu na mwalimu mmoja anayemwamini. Anapokutana na Gaara, kuanzia kipindi cha 48, anatoa vile vyuma amekuwa akitembea navyo miguuni, anaviachilia, na uwanja unapasuka. Sidhani kuna mtu alicheki hiyo akabaki amekaa.

Na bado anashindwa. Anafungua milango mitano ya mwili wake, anajiharibu mwenyewe, na Gaara anamponda mkono na mguu wa kushoto. Baadaye Tsunade anamwambia operesheni iko na nafasi nusu kwa nusu ya kufaulu. Lee anakubali.

Niliona hicho kipindi mara ya pili nikiwa nimetoka chuo. Karo ilikuwa imegoma, mathe alikuwa amejaribu mpaka akachoka, na mimi nilikuwa nalala kwa keja ya binamu yangu nikijifanya natafuta kazi. Duka la muvi pale stage lilikuwa limenijazia flashi. Sikulia juu Lee alishinda. Nililia juu hakushinda, na stori haikumcheka.

Neji alikuwa na swali poa

Halafu kuna Neji. Familia ya Hyuga iko na tawi la wakubwa na tawi la watumishi. Neji ni genius, lakini alizaliwa upande wa watumishi, akapigwa muhuri kwa paji la uso. So anaamini kila kitu kimepangwa: ukizaliwa chini, utabaki chini. Anamwambia Naruto hivyo, macho kwa macho.

Jibu la Naruto ndilo lilitufanya tumpende. Anamwambia alianguka mtihani wa kumaliza shule mara tatu, juu kila mara waliuliza kutengeneza nakala za mwili, kitu alichokuwa mbovu nacho kuliko vyote. Na anamwangusha Neji akitumia nini? Nakala. Moja imelala pale kama amezimwa, yeye mwenyewe amechimba chini ya ardhi, anatokea na ngumi ya kidevu.

Kwa masikio ya mtoto wa mtaa, hiyo ilikuwa ahadi. Haijalishi baba yako ni nani.

Halafu Shippuden inatuambia baba yake ni nani. Katikati ya vita na Pain tunajua Naruto ni mtoto wa Hokage wa Nne. Sawa, dalili zilikuwepo, hata nywele zinafanana. Lakini haikuishia hapo. Ikifika mwisho tunaambiwa Naruto na Sasuke ni kurudi kwa Ashura na Indra, watoto wa Mzee wa Njia Sita mwenyewe. Yaani ugomvi wao ulianza karne nyingi kabla wazaliwe. Na Neji, aliyeambiwa hakuna kitu kama kupangiwa, anakufa kwa kipindi cha 364 akimkinga Naruto na Hinata kwa mwili wake.

Buda, si hapo Neji alikuwa amesema ukweli kutoka mwanzo?

Wacha tuwe fair

Kuna mtu ashaanza kuniambia Naruto alikuwa na mbweha mwenye mikia tisa tumboni tangu kipindi cha kwanza. Ni kweli. Hata dhidi ya Neji, chakra yake ikiwa imefungwa, alikopa ya mbweha. Hakuwahi kuwa mkono mtupu kabisa. Lakini mbweha wakati huo alikuwa mzigo: ndiye aliyefanya kijiji kizima kimchukie. Nasaba ya Ashura haikumgharimu kitu. Aliipata tu, kama urithi wa ploti.

Na Shippuden iko na vitu Naruto ya kwanza haingeweza. Kifo cha Jiraiya. Nagato akiuliza amani inatoka wapi wakati kila mtu ana maiti ya kulipiza. Ukweli kuhusu Itachi. Hizo zinahitaji watu wazima. Hata Guy, mwalimu wa Lee, anafungua mlango wa nane na kumtikisa Madara mwenyewe, mtu wa mazoezi tu dhidi ya mungu. Nilisimama tena. Lakini hakumwangusha, na kilichomwokoa asife ni ile nguvu Naruto alikuwa amepewa na Mzee wa Njia Sita.

Sisi Wakenya hii tunaielewa haraka, juu 2022 tuliimbiwa hustler na dynasty mpaka tukakariri. Kila mtu alitaka kuitwa hustler, hata mwenye alizaliwa na dereva. Na kwa ground unajua vile kunaendaga: mnaenda interview wanne, mnangoja simu, kumbe kazi ilikuwa na mwenyewe kabla mpige pasi shati. Kujuana. Ndio maana stori ya mtu asiyejulikana anayeinuka si burudani tu kwetu. Tunaishikilia. Na ikigeuka katikati, ionekane jamaa alikuwa mtoto wa mdosi tangu mwanzo, unahisi kama umechezwa.

So Cretton, kama maombi ya watu wa Eastlands hufika Hollywood: anzia kwa Zabuza na Haku. Nipe ile daraja, ukungu, na Haku akiingia mbele ya radi ya Kakashi ndio Zabuza aishi. Mawe ya Madara yatangoja.

Na wewe mwenye umekuwa ukiambia watu waruke Naruto ya kwanza waingie Shippuden moja kwa moja, wacha hiyo tabia. Ruka zile vipindi 80 na kitu za mwisho, karibu zote ni za kujaza, hakuna atakayekulaumu. Lakini usimnyime mtu Lee. Kuna mtoto mahali ametoka shule wiki hii, na anahitaji kuona jamaa akitoa hivyo vyuma miguuni kabla aambiwe kuhusu Ashura.