Kibao kikiibwa njia ya Tosamaganga, nani atajua?

Kibao cha barabarani kikitoweka usiku huu njia ya Tosamaganga, mkoani Iringa, nani atakuwa wa kwanza kujua? Kama hakuna orodha, ni dereva mgeni atakayeingia kona kwa kasi, au gari la wagonjwa litakalopitiliza njia panda ya hospitali.

Kwanza, kibao chenyewe ni cha nani? Barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya iko chini ya Tanroads. Ukichepuka vijijini, barabara za wilaya ni za Tarura, wakala ulioanza 2017 na kuchukua kazi iliyokuwa ya halmashauri. Nguzo za majina ya mitaa nazo zililetwa na Operesheni Anwani za Makazi ya 2022. Mwananchi akikuta kibao kimelala mtaroni, ampigie nani?

Wezi hawana shida hiyo. Kwao chuma ni chuma, kinapimwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu.

Kununua vibao vipya bila kuvihesabu ni kujaza ndoo iliyotoboka. Kila kibao kinahitaji namba yake nyuma, picha, mahali kilipo kwa ramani ya simu, na tarehe kiliposimikwa. Hiyo tarehe ndiyo husahaulika, wakati karatasi inayong'aa huchoka kwa jua na mvua. Mchana unaona kibao kizima kabisa. Usiku taa za gari zikikipiga, kimya. Kwa ukungu wa huku nyanda za juu, kibao hicho ni sawa na hakipo. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike usiku pia, si saa nne asubuhi tu.

Gharama? Mwaka 2022 watu walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima wakiingiza anwani kwenye simu. Vibao vya kata moja ni vichache mno kuliko nyumba zake. Bodaboda na simu janja vinatosha kuanza. Na tangu 2021 kila lita ya petroli au dizeli ilibeba Sh100 za ziada kwa ajili ya barabara za Tarura, kwa hiyo hata huyo bodaboda ameshachangia.

Tanroads, Tarura na halmashauri wangeanza pamoja na njia panda za hospitali na maeneo ya shule, kabla mvua za Desemba hazijashuka. Na nyuma ya kila kibao, chini ya namba yake, waandike simu ya kupiga.