Ngoma Nayo Yasomewa?

Kijana atokaye Newala kwenda kusoma sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hukutwa na swali hili kabla hajazizoea hata njia za Mlimani: “Ngoma nayo yasomewa?” Amwulizaye huwa ni mjomba wake wa mjini, au mwenziwe asomaye sheria, na wote wawili hucheka.

Kicheko hicho ni cha kutojua. Huko Newala kwenyewe ngoma haikuwa jambo la ovyo: jandoni na unyagoni walikuwapo walimu, na aliyekosea alisahihishwa. Tena pale pale Mlimani alisoma Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake, Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, imewapa wasomaji wengi sura ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907.

Wachekao, basi, wamekosa. Lakini kosa baya zaidi ni la kijana aonaye haya, akasingizia kuwa amekuja kusoma mambo mengine, na sindimba ya kwao akaiacha kituo cha basi pamoja na vumbi la safari. Afichaye alichokuja nacho juma la kwanza, mwaka wa tatu atapanda jukwaani na nini?